Nusu ya Pili ya Namba

Tarakimu ya asubuhi ile ilikuwa saba. Saba ni siku ya kufua mablanketi na kuogesha watoto, siku ambayo wazee huvua soksi. Watu waliokuwa wakingoja nje ya Ukumbi wa Namba walishangilia Nyamizi alipotokeza mlangoni na kunyoosha vidole saba. Yeye peke yake ndiye aliyeingiwa na baridi.

Haikuwa ile saba yenyewe. Ilikuwa sauti ya binti yake, Sikujua, aliyeketi kwenye benchi la jiwe karibu na mlango, miguu imevimba, mikono imezunguka tumbo, akimwimbia mtoto ambaye hajazaliwa. Aliimba wimbo ambao kila mtoto wa Kaskazini huimbiwa kabla hajajua kusema mama.

"Nne, saba, mbili," aliimba Sikujua. "Sita, moja, tatu. Kisha tisa, tisa, tisa, juma zima tisa."

Juzi Namba ilikuwa imetoa tano. Jana ilitoa mbili. Leo saba.

Nne na tano ni tisa, Nyamizi aliwaza. Saba na mbili ni tisa. Mbili na saba ni tisa.

"Mama, mbona umeganda?"

"Imba tena."

"Wimbo si umenifundisha wewe?"

"Imba tu, mwanangu. Mwanzo."

Sikujua alimwangalia mama yake kama anavyoangaliwa mtu aliyesahau jina lake, kisha akaimba. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimwambia arudi nyumbani akalale, akaingia tena ukumbini na kufunga mlango, jambo ambalo Mgawaji hafanyi akishatangaza siku.

Kaskazini ilichimbwa ndani ya mwamba wa Mirihi, chini kabisa, mahali ambapo baridi ya juu haifiki yote lakini inafika ya kutosha kuua. Kilichowaweka hai ni Tanuru, mtambo ambao waasisi waliufukia chini zaidi na ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuuona. Joto lake lilipimwa kwa sehemu tisa. Kila asubuhi Namba ilisema wachukue sehemu ngapi, na Mgawaji alizungusha gurudumu la chuma mpaka kwenye alama hiyo. Sehemu ambazo hawakuchukua, walifundishwa, zilirudi mwambani.

Namba yenyewe ilichongwa ukutani. Ilianzia kushoto kwa mlango, ikauzunguka ukumbi mzima, ikarudi kulia kwa mlango, mstari mmoja wa tarakimu zenye urefu wa kiganja. Ilikuwa namba tasa: hakuna namba inayoigawanya bila kubakiza kitu, ila moja na yenyewe. Kazi ya Mgawaji hata mtoto wa darasa la nne angeiweza kama angekuwa na subira. Unachukua baki la jana, unaliongezea sifuri mwishoni, unaligawanya kwa Namba. Jibu ni tarakimu moja, na hilo ndilo joto la leo. Baki jipya unaliandika ubaoni kwa ajili ya kesho. Mengine yote unafuta.

Kugawanya siku za mbele kulikatazwa. Zamani kulikuwa na Mgawaji aliyetazama mwezi mzima mbele, na watu wakachomana visu kugombea vyumba vilivyo karibu na mabomba. Tangu hapo kesho haikuguswa.

Lakini sheria haikusema kitu juu ya jana.

Juu ya mlango lilichongwa Baki la Kwanza, lile ambalo waasisi walianzia. Watu walilichukulia kama pambo. Nyamizi alisimama juu ya kigoda akalinakili, akakaa sakafuni na kuligawanya. Alipata nne. Aligawanya baki lililofuata, akapata saba. Lililofuata, mbili. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la chokaa mpaka kwenye viwiko. Wimbo wa watoto ulikuwa ni siku za kwanza kabisa za Kaskazini, na hakuna aliyekuwa akijua tena.

Alibaki na mabaki mawili mkononi: hili la kale, siku ya tatu tangu mwanzo, na hili la leo lililokuwa ubaoni. Hakujua kwa nini alitaka kuyajumlisha. Labda kwa sababu tarakimu zilikuwa zimejumlishika.

Alianza upande wa kulia, kama mtu yeyote anavyojumlisha, akiandika jibu sakafuni kwa chokaa chini ya ukuta, akirudi kinyumenyume. Tarakimu ya kwanza ilifanana na iliyokuwa ukutani juu yake. Hilo si ajabu, hutokea. Ya pili ikafanana. Ya tatu. Alipofika kwenye kona ya kwanza aliacha kuangalia ukuta, akaandika tu anachokipata. Alipofika kona ya tatu magoti yalikuwa yanamuuma na alikuwa anasema tarakimu kwa sauti. Aliuzunguka ukumbi mzima, akatokea mlangoni alikoanzia, ndipo akainua macho.

Sakafuni ilikuwa Namba. Yote. Hakuna hata tarakimu moja iliyopinda.

Mabaki mawili yakitimiza Namba kamili, tarakimu zinazoyafuata hutimiza tisa siku zote. Walikuwa wamefika nusu. Vizazi vyote vile, kuanzia waasisi mpaka juzi, vilikuwa nusu ya kwanza ya mzunguko, na Namba ilikuwa imeanza kurudi juu ya nyayo zake. Kila siku ambayo iliwahi kuwapa saba sasa ingewapa mbili. Kila nane ingekuwa moja.

Na baada ya sita, moja, tatu, wimbo ulisema tisa, juma zima.

*

Mwenyekiti Lugendo alikuwa kwenye vitalu vya uyoga, amepiga magoti, anavuna kwa kisu kifupi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nyamizi alimweleza yote akiwa amesimama. Lugendo aliendelea kukata uyoga mpaka aliposikia neno sifuri.

"Ngapi?"

"Saba. Mfululizo."

"Kuanzia lini?"

"Kesho itatoka tatu. Keshokutwa nane. Inayofuata sita. Halafu ndiyo zenyewe."

"Una hakika, dada? Maana umri nao una mambo yake."

"Kesho nikitoka na vidole vinne, uje unicheke nyumbani kwangu."

Lugendo hakucheka. "Sifuri moja tuliipata nikiwa mtoto. Maji yaliganda kwenye ndoo karibu na kitanda. Mzee wa chumba cha pili hakuamka. Siku moja tu ile." Aliweka uyoga kwenye kikapu. "Basi tangaza tisa."

"Nini?"

"Anayegawanya ni wewe. Nani atakukagua? Toka na vidole tisa. Ukiona haya, toka na sita. Tusichochukua kinarudi mwambani, na mwamba hautakuja ofisini kwangu kulalamika."

"Ndilo lililonileta hilo la mwamba," alisema Nyamizi. "Kama ni mwamba tu, kwa nini watupimie? Si wangetuachia tisa kila siku tukalala bila nguo? Halafu wakachagua namba inayogeuka katikati. Nusu ya kwanza hivi, nusu ya pili kinyume chake. Ukifika mwisho wa mzunguko kila upande umepata sawasawa. Mtu hahangaiki namna hiyo ili agawane na jiwe, Mwenyekiti. Ule ni mgawo wa watu wawili ambao hawaaminiani."

Lugendo alifuta kisu kwenye suruali, upande huu, kisha upande wa pili.

"Funga huo mlango," alisema.

Nyamizi akafunga.

"Kuna maneno ambayo Mwenyekiti anayeondoka humwachia anayeingia. Nami nilikuwa nangoja nife niondokane nayo. Hatukuja peke yetu. Kulikuwa na Kusini."

Nyamizi alikuwa ameishi miaka hamsini na ushei mahali panapoitwa Kaskazini, na hakuwahi kujiuliza ni kaskazini ya nini.

"Waligombana njiani," Lugendo aliendelea. "Juu ya nini, hata mimi sikuambiwa. Walipofika wakajenga ukuta katikati, wakakubaliana kitu kimoja tu, hiyo Namba. Mhimili wa gurudumu umepita ndani ya ukuta. Gurudumu letu huku, lao kule, mhimili mmoja. Sisi tukichukua saba, wao wanabaki na mbili. Sasa lile juma la kwanza..."

"Juma la Tisa."

"Sisi tisa. Wao sifuri. Hata nyufa walikuwa hawajaziba."

Kila mwaka Kaskazini ilisherehekea Juma la Tisa. Walipanga mistari mbele ya ukuta wa kusini na kuupiga kwa mawe madogo, ko-ko-ko, kimya, ko-ko, kwa sababu wazee walisema juma lile hata mwamba ulifurahi na ukuta ukalia wenyewe. Nyamizi alikuwa ameicheza ngoma ile tangu alipoweza kusimama. Alikuwa hodari.

"Walikuwa wanagonga," alisema polepole.

"Siku saba. Ya mwisho pakawa kimya."

"Na ile kamba ya Lubasha?"

Lubasha alikuwa Mgawaji wa kwanza, babu wa bibi yake. Kamba yake ilitundikwa ukumbini, imevishwa shanga, na mabibi harusi waliigusa ili nyumba zao zipate joto. Nyamizi aliigusa. Sikujua naye aliigusa.

"Gurudumu lilikuwa linavutwa kutoka kule," alisema Lugendo. "Siyo kwa nguvu. Alama moja. Walikuwa wanaomba alama moja. Akalifunga."

"Na sisi tunaucheza mlio wao."

"Waliosikia hawakuwaambia watoto. Watoto wakadhani ni ngoma. Ulitaka nifanye nini?"

"Wewe unajua, na kila mwaka uko mstari wa mbele."

"Mwenyekiti asiyecheza ataulizwa sababu." Aliinuka kwa kushika ukingo wa kitalu. "Dada Nyamizi, nisikilize. Pakawa kimya. Unaelewa? Unagawana na makaburi. Binti yako atajifungua wakati wowote. Tangaza tisa, mtoto azaliwe kwenye joto, na dhambi ya Lubasha mwachie Lubasha."

*

Kesho yake Namba ilitoa tatu. Hakukuwa na wa kumcheka.

Chumba cha gurudumu kilikuwa kidogo, ukuta wake mmoja ndio ukuta wa kusini. Gurudumu lilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na ukingoni lilikuwa na alama kumi. Nyamizi alikuwa amelizungusha kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Lilikuwa jepesi mno kwa ukubwa wake. Mama yake, aliyemrithisha kazi, alikuwa akisema limezeeka vizuri. "Ukilishika tu, linajua linakokwenda."

Alilitoa kwenye saba. Tak, sita. Tak, tano. Hapo akaacha kusukuma. Aliacha kiganja chake juu ya chuma, bila kukaza.

Gurudumu likaenda. Tak, nne. Tak, tatu. Likasimama.

Nyamizi aliondoa mkono kama mtu aliyepapasa gizani akagusa uso.

Kisha akalishika kwa mikono miwili, akalivuta kurudi kuelekea nne. Lilikataa. Halikukataa kama kitu kilichokwama. Lilikubali kidogo, likasita, likamrudisha taratibu mpaka kwenye tatu, bila hasira, kama unavyorudisha mkono wa mtoto kwenye sahani yake.

Kwa hiyo walikuwepo. Kuna mtu kule aliyeamka alfajiri kama yeye, akakaa mbele ya namba ileile, akagawanya, akapata tatu na akajua ni sita ya kwao. Kila asubuhi ya kazi yake Nyamizi alikuwa ameshikana mikono na mtu huyo. Kabla yake mama yake, na kabla ya mama yake wengine, kurudi nyuma mpaka kwa Lubasha.

Na kama walikuwa wanagawanya, basi walikuwa na wimbo. Aliufikiria wimbo huo. Tano, mbili, saba. Tatu, nane, sita. Kisha sifuri, sifuri, sifuri, juma zima sifuri. Watoto wa kule walibembelezwa kwa wimbo huo. Wao walijua maana yake. Walijua pia kwamba siku moja utageuka.

*

Mtoto alizaliwa siku Namba ilipotoa nane, siku ya joto kuliko zote za mwezi ule. Alikuwa wa kike, amekuja kabla ya wakati, mdogo kiasi cha kulala kwenye mikono miwili ya Bi Kidawa mkunga kama mkate.

"Anavuta pumzi vizuri," Bi Kidawa alimwambia Nyamizi pembeni. "Ila hana nyama ya kujipasha. Ukinipa tano, tano, wiki mbili, nakuhakikishia bibi harusi. Chini ya hapo usiniulize."

"Na sifuri?"

"Mwenzangu, nimesema usiniulize."

Kesho yake, Namba ilipotoa sita, habari zilikuwa zimeshaenea. Lugendo alikuwa amewaambia watu, si yote, ila ya kutosha. Nyamizi alipoingia kwenye chumba cha gurudumu asubuhi ile, alimkuta Mwenyekiti na wanaume wanne, na Lugendo ameshika kamba ya Lubasha. Shanga zilikuwa bado ziko juu yake. Mlangoni alisimama Sikujua, mtoto amefungwa kifuani ndani ya nguo tatu.

"Lizungushe mpaka sita kama Namba ilivyosema," alisema Lugendo. "Halafu tunafunga hapohapo. Siku saba za sita. Hatujidai tisa, hatuna tamaa. Baada ya juma tunafungua, maisha yanaendelea."

"Wapo, Mwenyekiti. Nilikwambia wapo."

"Nimekuamini. Basi watapata tatu kila siku. Tatu haijawahi kuua mtu."

"Zile siku saba ni zao."

"Na huyu ni wa nani?" alisema Sikujua.

Sauti yake haikuwa kubwa. Wanaume walisogea ukutani.

"Mwanangu..."

"Nauliza, mama. Mimi sijui habari za kusini. Sikuwafunga mimi. Huyu naye hakuwafunga, ana siku mbili duniani. Kamba hii niliigusa siku ya harusi kwa sababu ulinishika mkono ukaniambia niiguse. Leo ndiyo nataka kazi yake."

Nyamizi alimwangalia mjukuu wake. Kilichoonekana ni pua tu, na ngozi juu ya macho iliyopitiwa na mishipa kama nyuzi. Alitamani mno kusema ndiyo. Lilikuwa jambo jepesi, fundo moja, na alijua kulifunga. Baadaye, kila usiku wa maisha yake, angejua kwamba alikaribia kiasi gani.

"Wangeweza kutufunga," alisema. "Siku yoyote. Baada ya lile juma, nani angewalaumu? Mhimili ni mmoja, nao wana kamba. Siku tuliyopata nane, walizungusha nane pamoja na mimi. Mama yangu alipokuwa mgonjwa na mikono haina nguvu, nani alikuwa analizungusha? Tuliwaacha wafe, wakatulia, wakaendelea kutupa chetu, asubuhi kwa asubuhi, wakingoja zamu. Leo zamu imefika. Tukifunga, Sikujua, hakuna Namba tena. Kuna kamba yetu na kamba yao, na atakayevuta zaidi. Huyu mtoto atakulia humo."

"Akikua," alisema Sikujua.

Nyamizi alimnyang'anya Lugendo kamba. Lugendo aliiachia kirahisi kuliko wote walivyotegemea. Kwenye kona palikuwa na jiko dogo la kuyeyushia mafuta ya gurudumu. Aliitia humo. Ilikuwa kavu sana, ikawaka vizuri. Shanga zilipasuka moja moja.

Kisha alilitoa gurudumu kwenye nane, tak, tak, mpaka sita, na mkono wa upande wa pili ukaja naye.

Sikujua aligeuka akaondoka bila kumwangalia.

*

Asubuhi ya sifuri Nyamizi alitoka kwenye chumba cha gurudumu na ngumi iliyofungwa. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamehamia wote ukumbini, watu mia mbili na zaidi, wamekaa mgongo kwa mgongo, watoto na wazee katikati, na katikati ya hao Sikujua na mtoto. Walikuwa wamebeba kila blanketi la Kaskazini.

Mabomba yalikuwa yakinguruma siku zote, kiasi kwamba mtu hakuyasikia. Sasa yalinyamaza, na wakayasikia kwa mara ya kwanza.

Ilipofika saa sita mchana pumzi zilikuwa zinaonekana. Kufikia jioni ukuta ulianza kung'aa utandu wa barafu, na tarakimu za Namba zilijaa weupe kama zimeandikwa upya. Mtoto alikuwa hajalia tangu adhuhuri. Bi Kidawa alikuwa ameingiza mkono ndani ya nguo, kidole kimoja kwenye kifua kidogo.

Hakuna aliyejua nani alianza. Mzee mmoja karibu na ukuta wa kusini aliokota jiwe akagonga. Kisha mwingine. Walikuwa wanaita, wanaomba, kila mtu kwa mkono wake; lakini mikono ile ilijua namna moja tu ya kuugonga ukuta ule, na haikuchukua muda ikaangukia humo. Ko-ko-ko, kimya, ko-ko. Watu mia mbili. Ko-ko-ko, kimya, ko-ko.

Na upande wa pili ukajibu.

Haikuwa kugonga. Ilikuwa nzito zaidi, ya chini, iliyopita kwenye sakafu na kuingia kwenye mifupa ya miguu. Ilikuwa miguu. Watu wengi, kule kwenye joto lao la tisa, walikuwa wanakanyaga kwa pamoja, wakifuata mapigo.

"Wanacheza," alisema Lugendo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Acheni kugonga," alisema Nyamizi.

Hawakuacha. Ilibidi apite katikati yao akiwashika mikono.

"Acheni. Kila mwaka tunawagongea hivihivi tukiwa tumeshiba. Watajuaje kwamba leo si sherehe?"

Mmoja mmoja wakaacha. Miguu ya upande wa pili iliendelea kidogo peke yake, ikapoteza mpangilio, ikakoma. Kisha, kutoka kule, mtu aligonga mara tatu, akangoja. Ko-ko-ko. Kama anayeuliza mbona mmenyamaza.

Hakuna aliyejibu. Hawakuwa na namna nyingine ya kugonga.

Nyamizi aliingia kwenye chumba cha gurudumu. Nyuma yake alisikia hatua, akajua ni za nani bila kugeuka. Sikujua alisimama mlangoni, amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

Chuma kilikuwa baridi kiasi cha kushika ngozi. Nyamizi alifunga kitambaa chake kwenye viganja, akalishika gurudumu, akalivuta. Alama moja. Sifuri kwenda moja.

Halikwenda.

Alivuta tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Halikwenda. Wamefunga, aliwaza. Na ni haki yao.

"Mama?" alisema Sikujua.

"Ngoja."

Aliacha kuvuta, lakini hakuachia. Alilaza kiganja juu ya ukingo na paji la uso juu ya kiganja, akasikiliza kwa ngozi. Kamba ingekuwa imekaza, imekufa. Alikuwa ameishika kamba ile maisha yake yote, alijua inavyokaa.

Hii haikukaa hivyo. Chuma kilikuwa na mtetemo ndani yake, mdogo, usio na mpangilio, unaozidi na kupungua.

"Njoo," alimwambia binti yake. "Weka mkono hapa."

Sikujua alisita, kisha akatoa mkono mmoja ndani ya nguo na kuuweka kando ya wa mama yake. Nyamizi aliona uso wake unavyobadilika.

"Ni mtu," alisema Sikujua.

"Ndiyo."

"Anatetemeka."

"Ndiyo."

Hawakuvuta tena. Walisimama pale wawili, na mtoto katikati yao, mikono yao juu ya gurudumu. Na upande wa pili wa ukuta, mikono yake ikiwa juu ya gurudumu hilohilo, mtu alikuwa anaamua.